Poda Juu ya Jiwe

Toongabbie, Jumapili tarehe 4 Juni 2023

Professeur Juvénal,

Salamu kutoka kwangu na kwa Nicole. Mimi ni Honorine, mjane wa Balthazar Murhula mliyesoma naye chuoni Bukavu. Labda utanikumbuka kama yule mwanamke aliyeleta ugali na samaki wadogo wa sambaza siku mliyofanya sherehe, akasahau chumvi.

Ninaandika kwenye karatasi, halafu napiga picha na kukutumia. Sauti za WhatsApp siziamini. Ukimtumia mtu mmoja leo, kesho kanisa zima linakusikiliza.

Baba Nicole alituacha mwaka jana mwezi wa nane. Moyo ulisimama akiwa kwenye kituo cha treni cha Lidcombe, akitoka kazini. Tulimzika hapo hapo Lidcombe, kwenye makaburi makubwa, kwa hiyo sasa mimi ndiye ninayeshuka kituo kile alichokuwa anashuka yeye. Tarehe 19 Agosti tutaondoa matanga. Kanisa linamsimamishia jiwe. Komiti ya Mama Fébronie imekwisha kuagiza, na litaandikwa «Dr Balthazar Murhula». Kutakuwa pia na fulana zenye picha yake na maneno hayo hayo kifuani.

Ombi langu ni kitabu chake cha udaktari. Nicole anasoma chuo hapa Sydney, mambo ya mimea kama baba yake, na anataka kusoma ukurasa mmoja mbele ya watu siku ile. Amekitafuta kwenye kompyuta za maktaba yao bila kukiona. Nilimwambia vitabu vya Bukavu haviko kwenye kompyuta, viko kwa watu. Wewe ni profesa, na mlitetea kazi zenu wiki moja. Hakika unacho. Tupigie picha ukurasa wowote unaozungumzia maharage.

Ninakumbuka siku alipotetea kazi yake, walivyommwagia poda ya pongezi hata nyusi zikawa nyeupe. Akanikumbatia, nami nikawa mweupe pamoja na kitenge changu kipya. Nicole alikuwa mgongoni kwangu, akapiga chafya, watu wakacheka. Tangu siku ile mtaa wetu wote wa Kadutu ulimwita Docteur.

Unisamehe makosa ya maandishi. Mimi niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari.

Ni mimi,
Honorine, mama Nicole


Bukavu, tarehe 15 Juni 2023

Mama Nicole,

Pole tena na tena. Habari ya Balthazar iliponifikia mwaka jana nilikuwa nasahihisha mitihani, na nilishindwa kuendelea. Nilikaa na kalamu mkononi mpaka mlinzi akaja kufunga.

Chumvi ninaikumbuka. Tulikula hivyo hivyo na hakuna aliyethubutu kusema, kwa sababu ulikuwa umetusimamia.

Sijui kama alikuambia kwamba siku zile tulikuwa na koti moja sisi wawili. Lilikuwa la mjomba wangu. Yeye alilivaa Jumanne, mimi nikalivaa Alhamisi. Niliposimama mbele ya majaji nikatia mkono mfukoni kutafuta leso, nikakuta poda yake. Vidole vikawa vyeupe. Jaji mmoja akaniuliza kama ninaoka mkate.

Kuhusu kitabu, maktaba yetu ilivuja sana misimu hii ya mvua na karatasi nyingi zimeharibika. Nitaangalia. Lakini nisingependa mwanangu Nicole asubiri kitu ambacho huenda kisipatikane. Zaburi ingefaa sana kwa siku kama hiyo. Balthazar alipenda Zaburi.

Nisalimie Nicole,
Prof. Juvénal Cirhuza


Toongabbie, tarehe 25 Juni 2023

Professeur Juvénal,

Asante kwa habari ya koti. Nilicheka peke yangu kwenye treni, Mhindi mmoja akahama kiti.

Zaburi tutasoma. Lakini Zaburi ni ya kila marehemu, na kitabu ni chake.

Nieleze basi shida iko wapi. Nicole amefundishwa na mama wa maktaba jinsi ya kutafuta vitabu vya udaktari dunia nzima. Ameona vya watu wa Kinshasa, vya watu wa Lubumbashi, hata cha mtu wa Walungu aliyeandika juu ya ndizi. Cha baba yake hakuna. Jana jioni aliniuliza, kwa Kiingereza chake kile cha kujifanya mtu mzima, kama nina uhakika. Nilimkemea. Nilimwambia poda ile niliiosha mimi kichwani mwa baba yake, sikusimuliwa.

Jambo lingine. Jiwe limekwisha kuchongwa. Pasta Prince anaomba uonekane kwa video siku ile, tutakapokuwa pale kaburini, uwaeleze watu udaktari wake ulihusu nini. Watu wetu hapa wamezoea kumwona akibeba masanduku kazini. Wamsikie kwa mdomo wa profesa mwenzake.

Kama kitabu kimelowa maji, niandikie jina lake tu. Jina halilowi.

Honorine


Bukavu, tarehe 2 Julai 2023

Mama Nicole,

Nimeandika barua hii na kuichana, kisha nikaandika tena. Naona ni bora niseme wazi.

Hakuna kitabu cha udaktari. Balthazar hakuwa docteur.

Tulichotetea wiki ile, yeye Jumanne na mimi Alhamisi, kinaitwa DEA. Ni diplome ya katikati. Iko juu ya licence, ile shahada ya kwanza, na iko chini ya udaktari. Ukiipata, chuo kinakubali kwamba unaweza sasa kuanza udaktari, na wengi huishia hapo. Kazi yake ilikuwa juu ya maharage yanayopanda miti, na ilikuwa nzuri, nzuri kuliko yangu. Majaji walimpa alama ya juu. Poda tuliimwaga kwa sababu sisi tunammwagia kila mtu, hata mtoto aliyefaulu mtihani wa serikali. Poda haiulizi ni diplome gani.

Udaktari alitakiwa kuuanza mwaka 2009. Msimamizi alikuwa amempata. Nyinyi mkakimbia mwezi wa pili mwaka ule ule.

Siwezi kusimama kwenye video na kusema aliutetea. Tafadhali usiniombe hilo tena. Lakini pia sitaki udhani alikudanganya. Kila tulipozungumza kwa simu alikuwa ananiambia: «Ninawaeleza, Juvénal, na hawasikii.»

Nisamehe kwamba ni mimi ninayekuletea habari hii.

Prof. Juvénal Cirhuza


Bukavu, tarehe 12 Julai 2023

Mama Nicole,

Simu yangu inaonyesha kwamba ulisoma. Sitaki kukusumbua. Nijibu neno moja tu, nijue kwamba mko salama.

J. C.


Toongabbie, tarehe 23 Julai 2023

Shemeji Juvénal,

Tuko salama. Nilinyamaza kwa sababu ya aibu. Nilikuwa naenda kazini kuwaogesha wazee, narudi, nafunga pazia. Jumapili mbili sikuenda kanisani, nikasema ni mgongo.

Mwanzoni nilimkasirikia yeye. Nilisema, mtu huyu amenifanya nisimame mbele ya watu miaka yote na cheo ambacho si chake. Halafu nikaanza kukumbuka, na kila nilichokumbuka kiligeuka.

Jumapili yetu ya kwanza hapa, pasta alitusimamisha tujitambulishe. Nilitangulia kusema: huyu ni Docteur Murhula. Yeye akachukua kipaza sauti akasema, «Ndugu zangu, mimi si docteur. Nilisimama ngazi moja chini.» Watu wakapiga makofi. Mama Fébronie akasema kwa sauti, «Mnaona? Wasomi wa kweli hawajisifu.» Na mimi nilipiga makofi, shemeji. Nilipiga mpaka viganja vikauma, nikimwona mume wangu jinsi alivyo mnyenyekevu.

Siku nyingine Mama Fébronie alileta mjukuu mwenye homa, akamwambia, «Docteur, mtazame.» Akamjibu, «Mama, hata maharage yakiugua mimi si docteur wao.» Tulicheka sote. Alituangalia tukicheka, kisha akaenda kuwapeleka hospitali kwa gari.

Aliisema kanisani, aliisema mezani kwangu. Alichoka kusema mbele yetu, naona. Mwaka wa mwisho mtu akimwita Docteur aliinua tu mkono kidogo, kama anayefukuza inzi.

Na kuna kizibao chake cha kazini, kile cha rangi ya machungwa kinachong'aa usiku. Nilikuwa nakianika ndani ya bafu. Wengine huanika nje kwenye kamba, lakini ua wetu unaonekana kutoka njia ya kituo, na watu wa kanisa hupita pale. Alikuwa anakivaa kikiwa na unyevunyevu majira ya baridi na hakuniuliza hata siku moja kwa nini hakikauki. Alijua.

Kwa hiyo aibu ya kwanza imeisha, ile ya kwamba hakuwa docteur. Iliyobaki ni kwamba mimi ndiye niliyeihitaji hiyo Docteur. Yeye hakuihitaji.

Nilimweleza Pasta Prince. Alinisikiliza vizuri, si mtu mbaya. Akasema, «Mama Nicole, maafisa waliotuhoji tulipofika walitutazama kama watu tuliookotwa. Watoto wetu shuleni wanaulizwa kama kwetu kuna madarasa. Hiyo Dr si ya baba Nicole peke yake, ni yetu sote. Nani atakwenda Bukavu kuhakikisha? Iache, marehemu apumzike nayo.» Mama Fébronie akaongeza kwamba fulana zimekwisha kuchapwa.

Kweli watoto wanaulizwa hivyo, Nicole aliulizwa. Lakini nikiiacha, nitakuwa nimempigia makofi tena, na safari hii hawezi hata kuinua mkono.

Nicole alitafuta na jina lako pia kwenye ile kompyuta, apate kukutaja vizuri siku ile. Alirudi akaniuliza jambo. Nilimwambia aende akanywe chai. Na wewe sikuulizi.

Tuko pamoja,
Honorine


Bukavu, tarehe 30 Julai 2023

Mama Nicole,

Uliandika «Shemeji». Nimelitazama neno hilo muda mrefu. Hakuna lawama ndani yake, na ndiyo sababu nimeshindwa kulala nalo.

Nicole hakukosea. Mimi ni chef de travaux, maana yake msaidizi wa maprofesa. Ninafundisha, ninasahihisha, ninaongoza maabara. Diplome yangu ni DEA, ile ile ya koti lile lile. Udaktari niliuanza baada ya nyinyi kuondoka, kisha vita, kisha watoto, kisha msimamizi wangu akafa, kisha sababu zikaisha na mimi sikuendelea. Karibu nitastaafu.

Wanafunzi wananiita Prof. Hata mlinzi wa lango ananiita Prof. Mke wangu akiwa na wageni ananiita Prof. Sikumwambia mtu yeyote anipe jina hilo. Lakini na kulikataa, sikulikataa, mwishowe nikaanza kulitia chini ya barua. Nililitia hata chini ya ile barua niliyokueleza kwamba mumeo hakuwa docteur. Fikiri.

Mara ya mwisho tulipozungumza, Balthazar aliniuliza: «Siku hizi wanakuitaje?» Nikamwambia, Prof. Akacheka kile kicheko chake cha puani. Akasema: «Na wewe unaitika?»

Nikageuza maneno. Tukazungumza juu ya mvua.

Kwa hiyo sikukwepa ombi la video kwa ajili ya heshima yake tu. Niliogopa kwamba mtu huko Australia angeuliza na kitabu cha profesa mwenyewe kiko wapi.

Ninakutumia picha za kurasa za kazi yake ya DEA. Nakala hii haikulowa. Ilikuwa nyumbani kwangu siku zote, kabatini, pembeni ya yangu. Ukurasa wa kumi na tisa ana mchoro wa mharage uliozunguka fito, aliuchora kwa mkono. Nicole asome huo.

Kuhusu jiwe, sina haki ya kukushauri. Wakinitambulisha kwa jina langu nililopewa na wazazi, nitaonekana kwenye video na kusema ninayoyajua.

Juvénal Cirhuza


Toongabbie, Jumapili tarehe 20 Agosti 2023

Shemeji Juvénal,

Video ilikatika na hukuona mwisho, kwa hiyo ninakuandikia leo leo kabla watu hawajakufikishia habari kwa njia yao.

Nilikwenda kwa mchonga mawe wiki mbili zilizopita. Sikumwambia mtu wa kanisa. Nilikwenda na Jepchumba, nesi Mkenya tunayefanya naye kazi, kwa sababu ana gari na mdomo. Nilipomweleza njiani alisema, «Mama, kwetu mtu akipeleka mbuzi kwa dispensari anarudi akiitwa daktari. Toa hiyo kitu. Mungu hana HR wa kukagua vyeti.» Nilicheka kisha nikalia, naye akasimamisha gari mbele ya duka la matairi mpaka nikamaliza.

Mchonga mawe alisema anaweza kusaga mstari wa juu na kuchonga upya, ila pataonekana pameingia ndani kidogo. Nikasema, acha paonekane. Sasa pameandikwa «Balthazar Murhula, DEA». Chini yake tarehe zake, na chini kabisa mharage umezunguka fito. Ule wa ukurasa wa kumi na tisa. Nicole ndiye aliyempelekea picha.

Jana asubuhi kulikuwa na upepo wa baridi, ule wa kupita ndani ya nguo. Watu walivaa fulana juu ya makoti yao, wote wameandikwa Dr kifuani. Jiwe lilikuwa bado limefunikwa kitenge.

Halafu ukaonekana wewe kwenye simu. Nilikuwa nimemwomba Pasta Prince akutaje kwa jina lako tu, lakini unamjua mtu akishika kipaza sauti. Akasema, «Tunaye kutoka Bukavu Professeur Docteur Juvénal Cirhuza.» Ulisikia. Nasi tukakusikia ukisema, «Asante, Pasta, lakini mimi si professeur wala docteur. Nina DEA, kama ndugu yangu Balthazar. Tulisimama ngazi moja.» Hapo ndipo picha ikaganda, mdomo wako wazi.

Sijui ulipoachwa hivyo ulidhani nini huko. Nataka nikuambie kilichotokea.

Walipiga makofi.

Mama Fébronie akageuka kwa mwenzake akasema, «Mnaona? Wote wa chuo kile wako hivyo, hawajisifu.» Shemeji, niliyasikia maneno yale yale na makofi yale yale. Na mikono yangu mwenyewe ilikuwa imeinuka, nilikuta imeinuka mbele ya kifua.

Nikaishusha. Nikaenda kuchukua kipaza sauti kwa pasta. Mimi sijawahi kuzungumza mbele ya watu, hata kwenye harusi yangu alinisemea baba mdogo. Nikasema, «Msimpigie makofi. Mwaminini.»

Nikavuta kitenge.

Walisoma. Wengine walitazama jiwe, kisha wakajitazama kifuani. Kijana mmoja alifunga zipu ya koti mpaka shingoni. Mama Fébronie aliuliza polepole, «Mama Nicole, DEA ni kitu gani?» Nikamjibu kama ulivyonijibu wewe: ni diplome ya katikati, juu ya licence, chini ya udaktari. Nikasema alituambia siku ya kwanza tuliyofika, kwa kipaza sauti kama hiki, nasi tukampigia makofi asiendelee. Nikasema alikuwa mtu wa kubeba masanduku hapa Lidcombe na mtu aliyejua maharage kuliko sote, na mimi nilikuwa nikianika kizibao chake bafuni.

Pasta Prince alinichukulia kipaza sauti mkononi. Nilidhani amekasirika. Kisha akasema kwenye kipaza sauti, «Alituambia. Nilikuwepo.» Hakuongeza neno, na yeye huongeza siku zote.

Nicole akasoma ukurasa ule, kwa Kifaransa kibaya, halafu akaueleza kwa Kiswahili. Kiswahili, shemeji, mtoto anayenijibu kwa Kiingereza hata nikimwita kula. Alisema baba aliandika kwamba mharage hauchagui fito, unazunguka ile iliyo karibu, na mtu asipouwekea fito unatambaa chini lakini bado unazaa.

Nilikuwa nimenunua poda ya watoto. Niliificha chini ya Biblia kwenye mkoba, kwa sababu sikujua kama ningethubutu. Nikafungua na kuimwaga juu ya jiwe. Upepo ukachukua nusu ukawarudishia watu, kwenye fulana, kwenye miwani ya pasta, kwenye nywele mpya za Mama Fébronie. Nikasema, «Hii ni ya DEA yake. Mara ya kwanza nilidhani ni ya kitu kingine.» Ndipo Mama Fébronie akanipokonya kopo, naye akamwaga juu ya jiwe. Likapita mkono kwa mkono. Poda ilijaa pale mahali palipoingia ndani, juu ya jina, palipokuwa na zile herufi mbili, ikakaa hapo hata upepo haukuitoa.

Nicole alipiga chafya. Laiti baba yake angesikia.

Leo nimekianika kile kizibao nje, kwenye kamba. Hakina wa kukivaa, lakini kilikuwa na vumbi nikakifua. Watu wa kanisa wamepita wakienda kituoni. Mmoja amenipungia mkono.

Ukiingia katika ukumbi ule mliotetea, sogea karibu na mlango wa pembeni. Nilikuwa nimesimama hapo na mtoto mgongoni, nikingoja mtoke. Mkumbuke yeye hapo. Na mimi pia, unikumbuke.

Honorine